Wawili, gari moja, hifadhi kadhaa: tupeane uzoefu wa njia na malazi

Mkazi wa Kihonda

Wakuu, habari za jioni. Mada za kutembelea hifadhi huwa zinaishia kwenye bei za kampuni za utalii na picha za twiga. Hapa nataka kitu kingine: wewe na mwenzio, gari lenu, hakuna dereva wa kampuni wala ratiba ya mtu. Mlipita wapi, mlilala wapi, na mlirudi mkiwa bado mnasemezana? Naanza mimi.

Sisi tulishika kusini. Mikumi wengi wanajidai wamefika kwa sababu barabara ya Mbeya inakatiza hifadhini kwa kilomita kama 50 na ukiwa dirishani mwa basi huwezi kukosa swala. Huko ni kupita tu. Mikumi yenyewe ni pale unapokata kulia getini na kuingia tambarare ya Mkata, ukazima injini, ukakaa. Barabarani mwendo ni 70 mchana na 50 usiku, na kuna ubao mkubwa wenye faini ya kila mnyama utakayemgonga, kwa dola. Shemeji yenu aliusoma wote kwa sauti, mnyama kwa mnyama, akamaliza kwa kuniambia nipunguze mguu.

Jambo ambalo watu hawalipigii hesabu ni saa. Tiketi ya hifadhi ni ya saa 24 tangu unapoingia. Ukiingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 12 jioni umetumia chini ya nusu yake. Ukiingia saa 8 mchana na kulala ndani, unapata jioni na asubuhi, na hizo ndizo nyakati wanyama wanatembea. Mchana simba na wewe nyote mnatafuta kivuli. Mtanzania analipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na mgeni, ila beba kitambulisho na usitegemee pesa taslimu getini, unapewa namba ya malipo.

Mikumi mjini nyumba za wageni ni nyingi na bei zake hazitishi, lakini nyingi ziko barabarani na malori yanapiga breki za upepo usiku kucha. Mabanda ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, yaliyo ndani ni ya kawaida mno, kitanda na chandarua, ila ukifungua mlango asubuhi unakuta ngiri wamepiga magoti wanakula nyasi.

Kutoka hapo tulikata kushoto kuelekea Ifakara, tukaishia Mang'ula, lango la Udzungwa. Hifadhi hii haina barabara za gari ndani, unatembea kwa miguu na mwongozaji. Nawashauri wanandoa waiweke katikati ya safari, maana inawatoa kwenye ugomvi wa "ungepita kule". Maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170 kwa ngazi, na chini kuna bwawa la kuogelea, maji ya baridi ya kukata pumzi. Ukiwa juu unaona mashamba ya miwa ya Kilombero yametanda hadi macho yanachoka, na tulikwenda msimu wa kuvuna, kwa hiyo moshi wa miwa inayochomwa ulikuwa unapanda mpaka kule.

Ruaha sasa. Unapanda mlima wa Kitonga nyuma ya malori, unalala Iringa, unajaza mafuta na chakula, halafu kilomita kama 130 hadi ndani, sehemu kubwa tulikula vumbi. Tulilala Msembe, mabanda yaliyo ukingoni mwa mto Ruaha Mkuu. Kiangazi mto umepungua na tembo wanachimba visima mchangani kwa miguu na mkonga, wengine wanapanga foleni nyuma. Usiku dume moja likaja nyuma ya banda letu. Kwanza matawi yanavunjika, halafu ukimya, halafu ngurumo nzito ya tumbo lake, karibu kiasi kwamba ungeweza kusema liko chumbani. Mama watoto alinishika mkono akaniambia kwa kunong'ona, "Usikohoe." Asubuhi tukakuta kinyesi kimeegemea tairi la mbele.

Nawasilisha. Leteni zenu.

Binti wa Lamadi

Uzi mzuri, kaka. Mimi nitaongelea Serengeti kwa mlango wa nyuma, maana watu wanadhani lazima uende Arusha kwanza. Sisi wa Mwanza, Simiyu na Mara tuna geti la Ndabaka, liko kabisa kwenye lami ya Mwanza kwenda Musoma. Unatoka nyumbani na chapati zako, unaingia. Na hupiti Ngorongoro, kwa hiyo hulipi mara mbili. Ngorongoro siyo ya TANAPA, ina mamlaka yake na viingilio vyake, na anayetoka Arusha kwenda Serengeti kwa njia ya kawaida anaipita. Hesabu hiyo peke yake inalipa mafuta.

Ninayeendesha ni mimi. Shemeji yenu ana macho mazuri na mguu mzito, kwa hiyo tulishagawana: yeye darubini, mimi usukani. Ukanda wa magharibi ni mzuri na una mto Grumeti wenye mamba wa kutisha, ila una mambo mawili. La kwanza ni udongo mweusi. Mvua ikinyesha usijidanganye na gari lako la magurudumu manne, subiri. La pili ni mbung'o. Mbung'o anapenda rangi ya buluu na nyeusi, na mume wangu alivaa fulana ya buluu ya timu yake huku kaambiwa. Alipigwa mgongoni kupitia kiti! Tulifunga vioo, joto likatushinda, tukafungua, wakarudi. Ilifika mahali naendesha kwa mkono mmoja, mwingine nampiga makofi mume wangu, na kusema kweli makofi mengine hayakuwa na mbung'o.

Seronera tulipiga hema kwenye kambi ya umma. Hakuna uzio, ieleweke. Chenye uzio ni jiko: unapikia ndani ya chumba chenye nondo na wavu, wewe ndiye uliyefungiwa, fisi yuko nje anakuangalia ukikaanga vitunguu. Mahema mnaachiwa wazi. Usiku wa kwanza mume wangu alihitaji msalani. Akaamka, akawasha tochi, akaona macho mawili, akazima, akarudi kulala. Akaamka tena. Mwisho tukaenda wote wawili, tumeshikana viuno kama watoto wanaocheza treni, na macho yale yalikuwa ya digidigi.

Pesa ya hoteli za ndani mimi sina, na sijutii. Ila hema lisilo na zipu nzima usilipeleke kule.

Mtu wa Mbezi

Sitaandika sana. Karatu. Laleni Karatu, msilale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro kwa bei zile. Kuna mabweni ya masista, kuna nyumba za wageni, kuna mashamba ya kahawa yenye vyumba kwa mwenye nazo. Ukingo uko zaidi ya mita 2,200 juu, asubuhi ukungu unafunika kila kitu, unaweza kulipia mandhari usiyoiona. Mke wangu alikuwa ameahidiwa kuiona kreta akinywa chai. Aliona blanketi la mhudumu.

Kushuka kreta gari dogo haliruhusiwi, lazima la magurudumu manne. Tuliacha letu Karatu tukakodi pamoja na wenzetu wawili tuliokutana nao kwenye mishikaki. Gharama ikagawanyika. Kule chini ni mita kama 600 kutoka ukingoni, na ndiyo, kifaru tulimwona, kidoa cheusi kwenye upeo wa darubini. Dereva aliapa ni kifaru.

Mama Chimala

Nyie mnaongelea wanyama tu. Mimi na mzee wangu tulikwenda kuangalia maua, msicheke.

Kitulo, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Kutoka Chimala unapanda barabara inayoitwa Hamsini na Saba, kwa sababu ina kona hamsini na saba, na mzee alizihesabu kwa sauti mpaka nikamwomba anyamaze maana nilikuwa naangalia bonde la Usangu linavyozama chini yetu na roho inaniruka. Unafika Matamba, unaendelea kwenye uwanda wa juu, mita 2,600 hivi, na ghafla hakuna miti. Nyasi, upepo, na kati ya Desemba na Machi maua kila rangi. Okidi nyingine ndogo kama ukucha, lazima uiname.

Mwongozaji wetu alituonyesha mahali watu walipokuwa wanachimba viazi vya okidi. Vinapelekwa Zambia, vinatengenezwa chikanda, kitoweo wanachokikata vipande kama mkate. Biashara hiyo ilikuwa inamaliza maua, na ni moja ya sababu Kitulo ikawa hifadhi mwaka 2005. Mzee wangu ana asili ya Tunduma, akakiri kwamba kala sana hiyo chikanda bila kujua inatoka wapi. Akachutama akaiangalia ile okidi muda mrefu.

Malazi: Matamba kuna nyumba za wageni za kawaida, maji ya moto wanakuchemshia kwa kuni ukisema mapema. Baridi ni ya kweli. Bebeni sweta, soksi, na blanketi lenu. Msitegemee hoteli. Sisi tulilala saa 2 usiku kwa sababu hakukuwa na mahali penye joto ila kitandani, na mkitaka kujua, ndoa yetu ilinufaika.

Mswahili wa Voi

Majirani, nasi tuwape za huku Kenya. Tsavo inapasuliwa na barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, Mashariki upande mmoja, Magharibi upande wa pili, na wengi wetu tumeipita tangu utotoni bila kuingia. Mimi nilimpeleka mke wangu baada ya harusi iliyotuacha na madeni, maana fungate ya Diani ilikuwa ndoto.

Tsavo Mashariki ndovu ni wekundu. Si rangi yao, ni udongo wanaojimwagia. Tulipata chumba kwenye hoteli moja iliyo juu ya kidimbwi cha maji karibu na Voi, na hapo ndipo nawapa ushauri: chumba kinachotazama maji kina thamani kuliko mizunguko mitatu ya gari. Tuliketi barazani na chai ya tangawizi, ndovu wakaja, nyati wakaja, ndovu wakawafukuza nyati. Mke wangu, ambaye hakutaka kuja, hakutaka kuondoka.

Kisha Magharibi, chemchemi za Mzima. Maji yanatoka chini ya mawe ya volkano, safi hadi unaona samaki, na maji hayo hayo yanakwenda hadi Mombasa kwa bomba. Kuna chumba cha vioo chini ya maji cha kuangalia viboko. Viboko hawakuja, samaki walikuja.

Malipo fanyeni kabla kwenye eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali ya Kenya, mtandao njiani si wa kuaminika. Na kwa Mtanzania anayetaka kuvuka na gari: kibali cha muda cha gari mpakani na bima ya kadi ya njano. Bila hizo mtalala Namanga.

Mdau wa Minnesota

Niko Marekani na mume wangu, naongeza kidogo. Tuliendesha hadi Yellowstone. Huku kadi moja ya mwaka inaingiza gari zima kwenye hifadhi za taifa, na geti halifungwi usiku, unaingia saa 10 alfajiri ukitaka. Nyumba za ndani zinajaa miezi mingi kabla, tukalala moteli ya mji wa nje. Nyati wao, wale wenye manyoya mabegani, wakikaa barabarani mnangoja wote, hakuna honi. Mume wangu alizaliwa Bunda. Alimtazama nyati dirishani, akasema "huyu mpole", akafungua mlango kupiga picha. Askari wa hifadhi alimpigia kelele ambayo hakuhitaji tafsiri. Kanuni ni mita kama 23 kutoka kwa nyati.

Kijana wa Kimara

Wakuu, mimi na mchumba tuna gari dogo, Toyota IST. Mikumi tutafika au tutaaibika?

Mkazi wa Kihonda

@Kijana wa Kimara kiangazi nimeziona IST ndani ya Mikumi kwenye njia kuu za Mkata, zinakwenda taratibu. Masika usithubutu. Njia nyingine ni kuliacha mjini Mikumi na kukodi gari la wazi, gawaneni na wengine. Ruaha na IST, hapana. Na barabarani kuanzia Chalinze shika vibao, tochi za trafiki, zile za kupima mwendo, ni nyingi.

@Binti wa Lamadi mama watoto amesoma habari ya makofi, amecheka mpaka majirani wamesikia.

Nina swali kwenu. Msimu ujao tunawaza Katavi kupitia Sumbawanga, maana lami sasa inafika Mpanda na Sitalike iko njiani. Nasikia mwisho wa kiangazi viboko wanabanana kwenye madimbwi ya Katuma mpaka wanapandiana. Kuna aliyelala Sitalike na mkewe? Vyumba vikoje, na mafuta ya uhakika yako wapi baada ya Sumbawanga?