Mama anakwenda Maskati kisha Umra: laini gani ya simu itamfaa?

MtotoWaGando

Assalaam alaykum jamani. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko Oman au mliokwisha kwenda Umra.

Mama yangu ni mtu wa Gando, Wete. Inshallah anasafiri kwenda Maskati kumtazama kaka yake, akae naye wiki kadhaa, halafu aungane na kikundi cha Umra: Jidda, Makka, Madina, kisha arudi Unguja. Ni safari yake ya kwanza kutoka nje ya nchi. Simu janja anayo na WhatsApp anaiweza vizuri, ujumbe wa sauti anatuma na simu za video anapiga. Mambo ya mipangilio ndiyo hayajui wala hataki kuyajua.

Kinachonikosesha usingizi ni viwili. Ana presha na sukari, kwa hiyo lazima nimsikie kila siku. Na laini yake ya hapa isipotee, maana pesa zake za karafuu zimo humo, benki inamtumia ujumbe kwa namba hiyo hiyo, na ukoo mzima unaijua hiyo tu.

Binamu yangu anasema aende na laini yake awashiwe rominga, yaani itumie mitandao ya huko, basi. Duka moja mjini wananiuzia laini ya "dunia nzima", unalipa kabla na inafanya kazi kila nchi. Mwengine anasema anunue huko huko. Nifuate lipi?

Bi_Seeb

Waalaykum salaam mwanangu. Mimi naishi Seeb, Maskati, mwenyewe mzaliwa wa Chake. Nikueleze la Oman, la Saudia watakueleza waliokwenda karibuni.

Mama anunue laini hapa hapa. Kampuni ni Omantel, Ooredoo na Vodafone, zote zina laini za malipo ya kabla, na mgeni anasajiliwa kwa pasipoti yake. Uwanja wa ndege wapo, na madukani wapo. Hiyo ya dunia nzima mwachieni anayepita nchi kumi kwa mwezi. Kwa mtu anayekaa nchi mbili ni kulipia usichokitumia, na nyingi ya laini hizo kazi yake ni rominga tu, zinaazima mtandao wa wenyeji na kukuuzia kwa bei ya juu.

Ila liko jambo ambalo wageni wetu wengi hawaambiwi. Hapa Oman simu za WhatsApp, za sauti na za video, kwa miaka mingi zimekuwa zikizuiwa. Maandishi yanafika, picha zinafika, ujumbe wa sauti unafika. Kupiga ndiko hakuendi. Mama atapiga, haitashika, atadhani simu imeharibika au nyinyi huko mna jambo. Mwambieni kabla hajapanda ndege. Sisi nyumbani kwetu tunaonana na jamaa wa Unguja kwa Google Meet au Zoom, na mama asiyeyaweza hayo mjomba wako atamfungulia. Na msimwekee VPN, ile programu ya kupitia vizuizi vya intaneti, kwenye simu. Vijana hulichukulia jepesi, lakini sheria ya hapa hairuhusu mtu binafsi kuitumia bila ya kibali, na sitaki mtu mzima aingizwe katika jambo hilo bila ya kujua.

Akichagua bando, aulize lile lenye dakika za kupiga nje, ahakikishe Tanzania imo. Ndiyo atakayoitumia zaidi kuliko GB, kwa sababu kwa kaka yake intaneti ya nyumbani haikosi.

KijanaWaMichenzani

Dada, mbona mnajisumbua na laini za plastiki? Mnunulie eSIM, laini isiyo na kadi inayowekwa ndani ya simu yenyewe, kupitia Airalo au kampuni kama hizo. Unalipa ukiwa hapa hapa, unaskani picha ya msimbo, akitua tu intaneti ipo. Hakuna foleni wala kutoa laini ya zamani. Mimi safari zangu zote siku hizi ni hivyo.

Fundi_Darajani

Kijana, eSIM ni nzuri kwako. Tumtazame mama.

Kwanza simu yake inaikubali? Piga *#06#. Ikitokea namba inayoitwa EID pamoja na zile za IMEI, inaikubali. Isipotokea, mjadala umekwisha. Simu nyingi za bei ya kati ninazoziona hapa Darajani hazina.

Pili, eSIM nyingi za wasafiri ni za intaneti pekee, hazina namba ya kupigiwa. Sasa Bi Seeb kashasema kule simu za WhatsApp haziendi. Mama akipotezana na wenzake atampigia kiongozi wa kikundi kwa namba gani? Mtu mzima mwenye presha apewe laini yenye namba, ambayo hata kwa kitochi unaweza kumpata.

MtotoWaGando, nina maswali mawili. Simu yake ni ya laini mbili? Na mliinunua wapi? Kama ni ya mkopo kutoka kampuni ya simu, huenda imefungwa isikubali mtandao mwengine. Chukua laini ya jirani ya mtandao tofauti, iweke, uone kama inashika.

Mkunazini_Mkongwe

Mimi nina rai tofauti kabisa na naomba muipime. Laini ya hapa asiende nayo. Akuachie wewe.

Zingatieni: laini zetu zimesajiliwa kwa alama ya kidole. Ikidondoka Makka, na vile vilaini vidogo kama ukucha, hakuna mtu atakayeweza kumrudishia hapa. Mpaka arudi mwenyewe aweke kidole chake. Mwezi mzima pesa zake zimefungwa. Lakini ukiwa nayo wewe kwenye kitochi nyumbani, ujumbe wa benki unaingia, unamsomea. Na WhatsApp yake haihitaji laini kuwemo kwenye simu. Akiweka laini ya Oman, programu itamuuliza kama anabadilisha namba. Akatae, aendelee na ile ya zamani, na watu wote watampata pale pale.

Bi_Seeb

Hilo la WhatsApp ni kweli kaka, wengi huku tunatumia namba za nyumbani miaka na miaka. Lakini laini yenye pesa ya mtu kumwachia mwengine, hata mtoto, ni amana nzito. Mama mwenyewe aulizwe roho yake inasemaje.

MtotoWaGando

Nashukuru sana nyote, mmenifungua macho. Nimempigia mama. Kuhusu kuniachia laini amesema hana wasiwasi na mimi ila angependa awe nayo, kwa kuwa kuna watu wa shamba wanaomtumia ujumbe wa kawaida, hawana WhatsApp.

Fundi, simu ni ya laini mbili alhamdulillah. Lakini tuliichukua kwa mkopo kwenye duka la kampuni moja ya simu, na malipo yameshakwisha. Nimemwambia kaka aweke laini ya mtandao mwengine: imekataa, inaandika kuwa laini hairuhusiwi. EID haikutokea.

Fundi_Darajani

Basi hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya bando, kabla ya kuchagua kampuni ya Oman wala ya Saudia. Laini yoyote mtakayonunua huko itakataliwa vile vile.

Maadamu mkopo umekwisha, nendeni na risiti na kitambulisho duka la kampuni yenyewe, mwenye simu awepo, waifungue. Ni haki yenu. Msiipeleke kwa fundi wa mtaani kufunguliwa, nasema hivi na mimi ni fundi wa mtaani. Programu za kufungulia mara nyingine hufuta kila kilichomo, na kufuli hurudi simu ikijisasisha, yaani atakuwa Madina simu inafunga tena. Wakishaifungua rudieni jaribio la laini ya jirani.

Na kwa kuwa ni ya laini mbili, shauri la Mkunazini silioni kuwa la lazima. Laini hupotea pale inapotolewa. Hapa ya nyumbani haiguswi, inakaa nafasi ya kwanza, ya ugenini inaingia ya pili. Ingekuwa simu ya laini moja ningemuunga mkono mzee wangu bila ya kusita.

Mkunazini_Mkongwe

Nakubali. Kwa laini mbili, aende nayo.

Sasa itayarisheni vizuri. Kabla ya kuondoka mpigie huduma kwa wateja waulize kama rominga imewashwa, kwa sababu laini nyingine za malipo ya kabla haziwashwi mpaka uombe, na bila ya hiyo hata ujumbe wa benki hautaingia. Iwe na salio kidogo. Kisha data ya rominga izimwe kwenye laini hiyo, na intaneti ielekezwe kwenye laini ya ugenini. Kupokea ujumbe ukiwa nje kwa kawaida hakukatwi pesa, ila kupokea simu kunakatwa, na hilo ndilo linalowamaliza watu salio bila ya kujua. Waambie jamaa wote Pemba na Unguja wasimpigie kwa namba ya kawaida.

UmmuSalma_Bububu

Assalaam alaykum. Mimi nimetoka Umra si zamani, na nilifuatana na mama mkwe, kwa hiyo suala hili ni langu khasa.

Saudia kampuni kubwa ni STC, Mobily na Zain. Zinapatikana uwanja wa ndege wa Jidda na wa Madina, na Makka kwenye maduka ya chini ya lile jengo la saa mbele ya Msikiti. Wanataka pasipoti na kidole. Kidole kinalinganishwa na kile ulichoweka uhamiaji ulipoingia. Hapo wazee wetu hupata tabu, vidole vya watu waliochuma karafuu na kulima maisha yao yote vimesagika, mashine haisomi. Mama mkwe tulimpangusa mikono kwa maji na kitambaa, wakajaribu kidole baada ya kidole mpaka kimoja kikashika. Na nakuomba dada, hina ya safari asiipake kwenye ncha za vidole. Apake kiganja na mguu, ncha ziachwe.

Jambo la pili ni Nusuk. Kuingia Rawdha, ndani ya Msikiti wa Mtume Madina, unahitaji kibali cha programu hiyo, na wanawake wana saa zao mbali na wanaume. Usajili una namba za uthibitisho zinazotumwa. Muulizeni kiongozi wa kikundi mapema kama anawafanyia watu wake au kila mtu ajifanyie. Kama ni kila mtu, msaidieni kufungua akaunti mkiwa naye nyumbani, simu ikiwa mkononi mwenu, si pale watu wanasubiriana kwenye basi. Nimeona kina mama wanalia kwa kukosa Rawdha na wako hatua chache tu kutoka mlangoni.

Simu za WhatsApp Saudia nako usizitegemee. Walilegeza sheria ya simu za intaneti mwaka 2017, lakini si kila programu inapita. Ujumbe wa sauti asubuhi na jioni unatosha, na dakika za kupiga nje kwa dharura.

KijanaWaMichenzani

Nimefahamu, eSIM siyo. Swali tu kwa Bi Seeb: hawezi kununua laini moja ya Oman akaenda nayo Saudia? Nasikia nchi za Ghuba ziliwekeana ukomo wa bei za rominga baina yao.

Bi_Seeb

Ukomo upo mwanangu, na sisi wakaazi tunaitumia tukienda Umra kwa siku chache. Lakini kwa bando la mgeni aulize dukani kabla ya kulipa, si kila bando linavuka mpaka. Kama UmmuSalma anavyosema, kukiwa na kikundi na kiongozi, namba ya Saudia inamfaa zaidi, wenzake watampigia kwa bei ya ndani. Hiyo ya Oman amwachie kaka yake.

Halafu aangalie bei kwa makini akivuka. Riali ya Oman na riyali ya Saudia si kitu kimoja, moja ya Oman inakaribia kumi za Saudia. Mtu mgeni akiona "riali tano" hapa akafikiri ni pesa ndogo ataumia.

UmmuSalma_Bububu

Nimesahau moja. Namba zote kwenye simu yake zihifadhiwe kwa +255, ile sifuri ya mwanzo iondolewe. Zikibaki na sifuri, akipiga kwa laini ya Oman au Saudia hazitakwenda popote. Fanyeni nyumbani, yeye hatoweza. Na namba yako, ya mjomba na ya kiongozi ziandikwe kwenye karatasi ikae kwenye mkoba wa pasipoti, simu huzimika chaji.

MtotoWaGando

Allah awalipe kheri. Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu tulikuwa tunahangaika na simu. Mama alivuka kuja Unguja, tukaenda naye na risiti, wakaifungua, na laini ya jirani imeshika mara mbili kwa mitandao miwili. Rominga imewashwa, data yake nimeizima. Namba nimezipitia zote kwa +255. Kiongozi wa kikundi anasema Nusuk anawafanyia yeye, lakini akaunti nitamfungulia hata hivyo.

Oman tutachukua yenye dakika za kupiga nje, Saudia yoyote itakayokuwa na foleni fupi. Hina nimemwambia, amecheka ila amekubali. Swali la mwisho Bi Seeb: anatua Alhamisi usiku sana. Anunue pale pale uwanjani au asubiri mjomba ampeleke dukani asubuhi?

Bi_Seeb

Anunue uwanjani, mjomba wako amsubiri nje. Ijumaa na Jumamosi huku ndiyo mapumziko ya wiki, na Ijumaa asubuhi maduka mengi yamefungwa mpaka baada ya sala. Wewe usingesubiri mpaka jioni kusikia sauti yake.