Mrejesho: Kupaka rangi thamani za p zilizo chini ya 0.05 kwenye Excel

Wakuu, asanteni kwa michango. Swali lilikuwa hili: kanuni ya kupaka rangi kila p (namba ya kitakwimu ya kupima uzito wa matokeo) iliyo chini ya 0.05 inapaka hata seli tupu, huku zilizoandikwa "<0.001" zikibaki nyeupe.

Seli tupu Excel inaihesabu kama sifuri, kwa hiyo inapita. "<0.001" nayo ni maandishi, na Excel ikilinganisha, maandishi siku zote ni makubwa kuliko namba yoyote.

Kilichotibu: teua B2:H20 (seli zenye thamani za p) ukianzia B2, fungua Conditional Formatting, New Rule, chaguo la mwisho la fomula, uandike:

=AND(ISNUMBER(B2),B2<0.05)

Usiandike $B$2, maana jedwali zima litafuata seli hiyo moja. Excel ikikataa mkato, weka nukta mkato. Inategemea mipangilio ya nchi kwenye kompyuta.

Kwa zile za "<0.001", bonyeza Ctrl+H, badilisha zote ziwe 0.0009, kisha kwenye Format Cells, Custom, weka:

[<0.001]"<0.001";0.000

Zinaonekana kama mwanzo ila sasa ni namba. Desimali tatu ni lazima: kwa mbili, 0.046 itasomeka 0.05 na bado imepakwa rangi, msomaji aone umekosea.

Rangi moja hafifu inatosha kabisa. Nyekundu na kijani pamoja ziepukwe, wapo wasiozitofautisha. Na kwenye kanuni hiyohiyo ongeza herufi nzito, kwani fotokopi humeza rangi hafifu.