Mapambo ya Ukoo: gumzo la safari ya Oshwal

*Jumapili*

[20:41] Zuwena: Assalam aleikum nyote. Nimeuliza Ijumaa, nimeuliza jana, leo nauliza tena. Maonyesho ya maua ya IFTEX, Nairobi, pale Oshwal Westlands, Jumanne mpaka Alhamisi, si wiki hii inayoingia, ile ya pili. Nani aenda? Humu tuko watu kumi na wanne. Alojibu ni mmoja, na jibu lenyewe picha ya paka.

[20:43] Ami Sefu: Paka yule alikuwa ameshika ua.

[20:44] Zuwena: Ami, kwa heshima zako zote, leo sicheki.

[20:47] Salim: Waaleikum salaam. Mimi naenda inshallah. Ila mfahamu, haya si maonyesho ya kutembea kama yale ya Mkomani. Ni ya wenye biashara. Mtu ajisajili mtandaoni mbele, aandike biashara yake na kazi anayofanya. Kwenda na watoto na kikapu cha mahamri, hapana.

[20:48] Ami Sefu: Bila mahamri safari ya nini sasa

[20:49] Hafswa: 😂😂

[20:49] Zuwena: Hafswa umeamka! Waenda?

[20:58] Zuwena: Hafswa?

[21:02] Zuwena: Haya, nawaeleza tena kwa nini, asije mtu akasema hakuambiwa. Waridi tunalopambia harusi sisi hapa Mombasa limetoka Naivasha au huko juu Timau. Likaenda kwa dalali Nairobi. Likapanda basi la usiku. Likashuka Mwembe Tayari limeshasongwa na magunia. Likapita kwa yule bwana wa Marikiti. Ndo likatufikia sisi, na kila alolishika amekula chake. Pale Oshwal mkulima amesimama mwenyewe mbele ya maua yake. Mimi nataka nambari ya simu ya mkulima, si picha ya kujipiga na maua. Maonyesho haya yako tangu 2012 na sisi hatujakanyaga hata mara moja.

[21:06] Hafswa: Mkulima wa Naivasha angoja Mholanzi wa kununua masanduku kwa masanduku, wewe wamwendea na ndoo mbili za harusi ya Majengo. Atakuangalia tu.

[21:09] Salim: Da Hafswa, si lazima. Waridi la kwenda Ulaya lapimwa shina, 40, 50, 60, mpaka 70 na zaidi. Likipinda au likipata doa haliendi, lauzwa hapahapa nchini. Sisi meza zetu sentimita 40 zatutosha. Tukiletewa 70 twakata nusu twatupa, na pesa tumelipa.

[21:10] Hafswa: Hilo la kukata ni kweli.

[21:11] Salim: Na ujue kwa nini ya Timau yana vichwa vikubwa. Ni mlima. Kwenye baridi ua lakua polepole, kichwa chapata kujaa. Naivasha ni chini kidogo, yawahi kukua lakini kichwa chawa kidogo. Sasa sisi twaagiza tu "waridi jekundu", twaletewa lolote, halafu bibi harusi atuuliza mbona hili si kama lile la picha.

[21:13] Ami Sefu: Mie nasikia huko Uholanzi, Aalsmeer, mnada waenda kinyume. Bei yaanzia juu yateremka, wa kwanza kubonyeza ndo kachukua. Tungefanya hivyo hapa na mahari vijana wangeoa wote.

[21:14] Hafswa: Ami wallahi 😂😂😂

[21:14] Munira: 😂😂 nani wa kwanza kubonyeza

[21:15] Ami Sefu: Salim kidole kishakaa tayari

[21:16] Zuwena: Munira kumbe uko. Waenda?

[21:31] Zuwena: Mahari mwajibu. Safari mwanyamaza.

*Jumatatu*

[06:52] Zuwena: Sabalkheri. Treni ya saa nne usiku kutoka Miritini, daraja la kawaida 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Kulala ni kwa Ma Khadija South C, hiyo isiwape shida, mimi nitazungumza naye. Nataka majina leo. Nafasi zikijaa msije mkanililia.

[07:20] Hafswa: Jumatano ile nina singo ya watu Tononoka, kumsinga bibi harusi. Labda niende Jumanne nirudi usiku ule ule. Sijui. Na nikienda naenda kuangalia nini hasa? Maua nayajua.

[07:26] Salim: Ukaangalie wanavyoyaweka. Waridi likikatwa laingia chumba cha baridi, nyuzi 2 mpaka 4, na baridi hiyo haikatiki mpaka ndegeni. Sisi letu latoka kwenye basi lishapikika, halafu lakaa barazani kwenye joto la Mombasa, twashangaa usiku wa kupamba limeinama.

[07:27] Salim: Na si baridi peke yake. Matunda yakiiva yatoa gesi, yaitwa ethilini. Ndizi, maembe. Ukiyaweka pamoja na maua, maua yazeeka mbele ya siku zake.

[07:29] Hafswa: Na samaki je?

[07:29] Zuwena: Hafswa.

[07:30] Hafswa: Nauliza tu. Samaki atoa gesi gani?

[07:31] Ami Sefu: Changu atoa harufu, hilo halitaki maonyesho.

[07:31] Zuwena: Ami tafadhali.

[07:33] Hafswa: Si mwasema baridi, baridi. Baridi tulikuwa nayo. Friji tulinunua kwa pesa za mchezo wetu wa kuchangiana kwa zamu, kila mtu alitoa, mimi nilitoa mara mbili kwa sababu ya zamu ya marehemu mama. Iko wapi? Sasa twaambiwa twende Nairobi kufunzwa baridi.

[07:34] Munira: Usiku ule Kizingo mama wa bibi harusi alinusa kikuba cha asumini, chanuka samaki wa friji, akaniangalia mimi. Mimi! Nilokuwa nimekuja kushika pini tu.

[07:35] Ami Sefu: Kwa hakika ndoa ile imedumu lakini. Labda ndo dawa.

[07:36] Zuwena: Mtu mwenyewe hayuko humu kujibu. Tusimseme.

[07:38] Hafswa: Hayuko kwa sababu alitoka, hakutolewa. Na alitoka na friji.

[07:41] Munira: Ujumbe huu umefutwa

[07:42] Ami Sefu: Munira rudisha, sijasoma

[09:15] Zuwena: Narudi kwenye safari. Waloandikisha: mimi, Salim. Hafswa nusu.

[09:16] Ami Sefu: Nusu gani, ya juu au ya chini?

[11:40] Salim: Kitu kingine nataka kuulizia kule ni sponji. Hii ya kijani tunayochomea maua, Oasis, yule Mmarekani Smithers aliitoa 1954 na dunia nzima yaitumia. Lakini ni plastiki, yapukutika ikawa vumbi haiozi. Uingereza ile jumuiya yao kubwa ya bustani, RHS, imeipiga marufuku kwenye maonyesho yake tangu 2021. Wengine wamerudi kwenye waya wa kuku, waukunja ndani ya chombo na maji. Harusi za ufukweni Nyali zile sponji zote zaishia baharini. Mteja mmoja mgeni kashaniuliza.

[11:52] Ami Sefu: Mie siku moja niliikata nikidhani mofa ya kijani.

[11:53] Munira: Ami ulikula??

[11:55] Ami Sefu: Niliipaka na asali.

[13:07] Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:10)

[13:09] Hafswa: Niko kwenye matatu, kelele. Salim tuandikie Bibi asemaje.

[13:24] Salim: Naandika kama alivyosema, msiniulize mimi.

"Nimewasikia nyote, mjukuu ananisomea. Mimi nimepamba vitanda vya harusi Kibokoni, Kuze, mpaka Lamu nimechukuliwa, na sponji sikuijua. Nilichoma maua kwenye gogo la mgomba, likalowa usiku kucha, asubuhi ua liko vile vile. Nairobi sikatazi. Nendeni mkaone ya wenzenu. Lakini nawauliza. Asumini za kazi zenu mwatoa wapi? Mwatoa kwa Mwanaisha, kwa kumtuma mtoto mlangoni na mfuko. Kuingia hamuingii. Tangu mambo yale, alokanyaga ndani kwake ni mimi. Mna mkono wa kumpa mkulima wa Naivasha msiyemjua, na wa Kisauni, damu yenu, mkono huo hamna. Friji ni chuma. Mrudisheni kikundini leo hii. Na Alhamisi yenu ile ni Arafa mwezi ukiandama hivyo, sitaki mtu wangu awe njiani. Nimemaliza."

[14:19] Zuwena: Tumesikia Bibi.

[14:20] Salim: Tumesikia Bibi.

[14:33] Ami Sefu: Sawa mama.

[15:02] Hafswa: Tumesikia.

[15:10] *Zuwena amemwongeza Mwanaisha*

[15:11] Ami Sefu: Karibu mwanangu.

[15:12] Munira: Karibu da Mwanaisha ❤️

[15:15] Salim: Karibu dada.

[16:48] Zuwena: Kwa hivyo kwa neno la Bibi Alhamisi haipo tena. Twaondoka Jumatatu ijayo usiku, Jumanne na Jumatano tuko Oshwal, Jumatano usiku twarudi. Siku mbili zatosha kama mtu hatasimama kila kibanda kupiga picha. Salim achukua upande wa waridi. Mimi nachukua kanesheni na jipso, hivi vya kujazia ndo vinavyotumaliza pesa. Wa tatu natafuta.

[16:50] Zuwena: Na kila mtu achapishe kadi ya biashara. Ukisema "mie napambaga tu" hakuna atakayekushughulikia.

[17:30] Hafswa: Kadi yaandikwa jina gani? Mapambo ya Ukoo? Au ya kila mtu na lake? Maana mwaka ule wa kalenda jina lilotoka ni la mtu mmoja.

[17:34] Zuwena: Kalenda tena?

[17:34] Hafswa: Nauliza jina tu.

[17:50] Ami Sefu: Tia jina la paka.

*Jumanne*

[05:58] Mwanaisha: Friji iko. Yafanya kazi. Asumini za Jumamosi mwazitaka au hamzitaki? Niambieni mapema. Mimi nachuma alasiri zikiwa bado vitumba, zikishafunguka usiku hazitungiki tena. Siwezi kungoja simu ya magharibi. Na anayekuja aje na jani la mgomba au kitambaa kimaji. Mfuko wa plastiki sitaki kuuona, asumini zavukiwa mle ndani zageuka rangi.

[06:10] Zuwena: Ahsante mwanangu. Twazitaka. Vikuba ishirini na kilua ukipata.

[06:11] Mwanaisha: Kilua si msimu.

[06:12] Zuwena: Basi asumini. Na Nairobi je? Nafasi ya tatu iko. Wewe ndiye mwenye shamba kati yetu, wakulima mtaongea lugha moja.

[06:40] Zuwena: Mwanaisha?

[07:05] Ami Sefu: Mpe nafasi, ameingia jana tu washamtia treni.

[08:22] Hafswa: Yafanya kazi kwa maana gani? Yagandisha au yapoza tu?

[08:23] Munira: Da Hafswa 🙏

[08:24] Hafswa: Ni swali la kikazi. Salim si amesema nyuzi 2 mpaka 4. Kama yafanya kazi basi waridi za Jumamosi ziende zikalale kule zisilale kwangu kwenye feni.

[08:31] Salim: Hilo ni wazo zuri, kwa kweli.

[08:32] Hafswa: Sijasema ni zuri. Nimesema ziende.

[12:45] Zuwena: Nimekata tiketi mbili, yangu na ya Salim, kwa pesa yangu. Ya tatu nimeambiwa nijaribu tena kesho. Salim nitumie 3,000. Wengine mchango wa kadi na sampuli ni 500 kila mtu, hata kama huendi, maana bei tutakazoleta mtazitumia nyote.

[12:46] Ami Sefu: Kumbe tusioenda ndo twalipa

[12:47] Zuwena: Ami wewe wa kwanza.

[13:30] Fatma: Nimeona sasa hivi, simu ilikuwa kwa fundi. Kwani sponji imekatazwa? Mie nina katoni mbili hapa, nimenunua juzi.

[13:33] Salim: Haijakatazwa hapa. Ni huko kwenye maonyesho yao.

[13:34] Fatma: Alhamdulillah. Basi nani azitaka kwa bei ya kununulia?

[13:36] Zuwena: Fatma, Nairobi waenda?

[13:37] Fatma: Lini?

[13:52] Zuwena: Haya, imeingia 500 sasa hivi kwenye simu. Jina lilotoka ni la Babu. Nani humu bado atumia laini ya Babu?

[13:53] Ami Sefu: Subhanallah, marehemu ametangulia kulipa kuliko nyinyi.

[14:20] Zuwena: Sina mchezo. Nani? Niandike kwenye daftari.

[15:05] Zuwena: Na hii 500 ni ya kadi, au ni ya tiketi ya tatu, zingine zaja?