Mwalimu AMECHEKA! Uzi wa hasira, mwenye usingizi apite

Kalamu_Butu:
Wakuu, nimetoka darasani sasa hivi, mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Yule bwana mnamjua, sitaji jina. Yule ambaye tumbo linaingia darasani kwanza, mwenyewe anafuata baada ya dakika mbili.

Nimesimama kusoma insha yangu. Nasoma kwa vituo, kama alivyotufundisha yeye mwenyewe. Nyuma kule mtu akapayuka: "Soma kiume wewe shoga!" Darasa zima likaangua kicheko. Hao nimewazoea. Ukivalisha daftari jalada, ushoga. Ukikataa kupigana, ushoga. Juzi jamaa kapiga chafya tatu mfululizo, kaambiwa anapiga chafya kishoga.

Nikamgeukia mwalimu. Akacheka! Na si kutabasamu, jamani. Alicheka mpaka chaki ikamdondoka ikavunjika vipande viwili, akaokota kimoja, akaendelea kucheka. Mtu ambaye ukimwambia "naombaga" anakusimamisha kipindi kizima! Hilo neno kalisikia, kaona sarufi iko sawa, akacheka.

Kuna mwenzetu alikuwa ananyoosha mkono kila swali. Tangu waanze kumwita hivyo, mkono haupandi. Chooni haendi, anabana kutwa mpaka afike kwao. Kama ni kweli au si kweli, hayatuhusu. Leo alikuwa amekaa mbele yangu. Mwalimu alipocheka, na yeye akajilazimisha kucheka. Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu.

Daftari_la_Nyuma:
Sasa mkuu, ulisoma kiume au hukusoma? Malizia stori.

Kalamu_Butu:
Nilikaa chini. AMECHEKA, unaelewa?

Shangazi_Mtandaoni:
Na neno lenyewe mmetuharibia. Mie na shoga yangu tunatunziana siri miaka 20, leo nikimwita mbele ya wanangu wanaziba midomo.

Kiti_cha_Mbele:
Matani ya shule hayo. Sisi tuliitwa kila jina na tumekua.

Nukta_Tatu:
Umekua mpaka unabishana na wanafunzi usiku huu. Hongera.

Kiti_cha_Mbele:
Kwani ule si ugonjwa?

Nukta_Tatu:
Shirika la Afya Duniani lilishauondoa kwenye orodha ya magonjwa tangu 17 Mei 1990. Wewe bado unatumia toleo la zamani, sasisha.

Kiti_cha_Mbele:
Mimi siungi mkono mambo hayo, basi.

Shangazi_Mtandaoni:
Nani kakuomba uunge? Umeombwa mtoto wa watu aachwe asome insha yake, na mwingine aende chooni.

Chaki_Vumbi:
Bwana huyohuyo! Insha yangu kaiandikia "mwandiko wa kuku" kwa mwandiko ambao hata kuku angeukana. Kuna aliyewahi kurudishiwa daftari kabla ya kuhitimu?

Daftari_la_Nyuma:
Daftari? Mimi kanichukulia kamusi tangu muhula wa kwanza.

Chaki_Vumbi:
Ya jalada jekundu, ina doa la chai kwenye herufi M?

Daftari_la_Nyuma:
Ee! Umejuaje?

Chaki_Vumbi:
Kwa sababu ni yangu. Nimeitafuta mwaka mzima, kumbe mwizi tunasalimiana humu!

Kalamu_Butu:
Wakuu, turudi kwenye mada. Amecheka, chaki ikavunjika...

Chaki_Vumbi:
Tumesikia, mkuu. Wewe Daftari, hilo doa liko juu ya ukurasa au chini?