Tupeane uzoefu: Ulipofiwa, tumaini la imani lilikufikiaje?

Mwalimu wa Dunda (mwanzisha mada)

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu wa Bagamoyo na ninyi mlio mbali, kila Novemba tunasoma majina ya marehemu wetu kanisani, lakini ni mara chache tunaulizana sisi tuliobaki tunaendeleaje. Mama yangu alipofariki, karibu kila aliyekuja kuhani aliniambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Sina ugomvi na maneno hayo, ila nilihisi yananitaka ninyamaze. Aliyenifaa ni mama mdogo, ambaye alikuja baada ya matanga kwisha, akaketi nami jikoni tukichambua mchicha, akanisimulia utundu wa mama walipokuwa wasichana, na kabla ya kuondoka akasali sala fupi sana. Naomba tusimuliane yaliyotupata wenyewe. Mahubiri tuwaachie wahubiri.

Mjane wa Mlingotini

Milele amina, Mwalimu. Mume wangu alikuwa mvuvi, na mashua yao ilipinduka wakati wa kusi. Wenzake waliokolewa, yeye hakuonekana. Wavuvi wa huku, ambao wengi ni Waislamu, walimtafuta pwani yote hadi Kaole, na wake zao wakalala kwangu sebuleni bila kuombwa. Kilichonitesa ni kukosa mwili wa kuzika. Mji huu huu wa Bagamoyo ulipokea mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, mwaka 1874, baada ya watumishi wake, akina Chuma na Susi, kuubeba kwa miezi mingi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, na ukalazwa pale misheni. Mimi wa kwangu sikuletewa hata kutoka bahari ninayoiona kila siku. Nilikuwa nikiwaza hivyo kwa uchungu mno.

Padre aliadhimisha misa bila jeneza. Alisoma habari ya Lazaro, akatua pale Yesu anapolia, akatuambia kwamba aliyelia ndiye yule yule aliyejua kuwa muda si mrefu angemfufua rafiki yake. Siku ile nililia bila kudhani kuwa ninamkosea Mungu. Sasa kila tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, nakwenda makaburi ya wamisionari, kwa kuwa wengi wamelala pale wakiwa bado vijana, na mama zao huko Ulaya hawakuwahi kuyaona makaburi yale. Nawasha mshumaa kwenye kaburi mojawapo na kumwombea aliyemo pamoja na mume wangu.

Nina swali kwa wazee: je, jina lake laweza kuandikwa kwenye msalaba wa baba yake, ilhali mwili haumo?

Mama wa Kerege

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Mlutheri, nilifiwa na mtoto. Kikundi kimoja cha maombi kiliniambia kwamba imani yangu ingekuwa timilifu, mtoto angepona, na kwa muda mrefu baada ya hapo sikuweza kufungua Biblia. Mke wa mchungaji wetu ndiye aliyenionyesha Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila mstari hata mmoja wa kufurahi. Nilishangaa kwamba maneno kama hayo yameachwa ndani ya Maandiko. Nilianza kuisali ile ile kila usiku, na baada ya muda nikaweza kusali nyingine.

Msomaji wa Zinga

Shikamooni wakubwa zangu. Kwangu tumaini halijafika. Kaka yangu amezikwa mwaka huu, nami naenda kanisani kwa sababu mama ananihitaji pembeni yake. Nimeona niseme, ili mada isiwe ya waliokwisha kuvuka peke yao.

Katekista mstaafu

Marahaba, mwanangu. Kumsindikiza mama yako ni sala tosha kwa sasa, wala usijilazimishe kuimba. Paulo alipowaandikia Wathesalonike, katika waraka wa kwanza, sura ya 4, hakuwakataza kuhuzunika. Aliwaomba wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Kwa miaka yangu ya kusindikiza misiba nimeona wengi wakiuruka huo mstari nusu, wakamfokea mfiwa eti akaze moyo. (Hao hao huwa hawaonekani arobaini ikishapita.)

Mama wa Mlingotini, jina laweza kuandikwa. Zungumza kwanza na ukoo wa mumeo, kisha umwone paroko ili aje kulibariki kaburi, na fundi asiandike kwamba amezikwa hapo; aandike jina, mwaka wa kuzaliwa, na mwaka aliopotea baharini. Ukipanga siku, tujulishe. Msomaji wa Zinga, ukiweza, njoo na mama yako.