Tupeane uzoefu: nyambizi yako iliwahi kukugomea wapi?

Kiranja wa Makulu:
Wakuu habari za jioni. Kuna mtu nimemsoma analalamika Silent Hunter III yake (gemu la nyambizi za Wajerumani vita vya pili) imekuwa "nzito" tangu aweke Commander, ile programu ya pembeni ya kufungulia gemu, nimecheka mpaka mama watoto kauliza kuna nini. Gemu lenyewe la 2005 ukiacha topido bovu (yale makombora ya chini ya maji) halina hitilafu za kushtukiza. Commander ndo inapita kwenye mafaili kabla gemu halijafunguka, inacheza bahati nasibu yake huko, ikikuangukia inakupunguzia kitu kwenye nyambizi, na hakuna taa nyekundu wala fundi wa kukwambia, utajua ukiwa katikati ya maji. Nani yalimkuta?

Baharia wa Nkuhungu:
Mkuu umenitonesha. Nilikuwa na VIIC, aina ya nyambizi ya Kijerumani, 1941 ya kwenye gemu, nimetoka bandari ya Saint-Nazaire Ufaransa na topido zangu 14, nikaupata msafara wa meli za adui magharibi ya Ireland usiku, mawimbi kama nyumba. Napiga dizeli zote niuzunguke niutangulie, juu ya maji inatakiwa ifike kasi ya noti 17 na kitu, yangu imeganda 13 haiongezi hata nusu, nikasema aah ni haya mawimbi, kumbe wapi. Nikachelewa nikajikuta nyuma, nikafyatua hivyo hivyo, moja ikaipata meli ya mafuta ikawaka, basi manowari za kusindikiza zote zikageukia kwangu. Nazama, mita 120 chuma kinalia, 150 chumba cha mbele kinaingiza maji, na hii nyambizi wenzangu wanaishusha 200 huku wanakunywa chai!! Mabomu yanashuka, betri inaisha, nimewapanga watu wote wazibe... pu, umeme ukakatika mtaa mzima. Kompyuta ya mezani, giza totoro. Uliporudi nikaenda kwenye gemu moja kwa moja, nikafungua sevu ya kabla ya msafara, noti 13 ile ile! Nikajua nimerogwa.

Zabibu Kavu:
😂😂 mabomu yote yale halafu umeokolewa na kukatika umeme

Fundi Lapi:
Hujarogwa mkuu. Commander inabadili mafaili ukiingia, inayarudisha ukitoka. Umeme ukikatika nani ayarudishe? Yanabaki na ugonjwa wake, halafu wewe ukafungua gemu bila kupitia Commander. Anzia Commander, rudisha mafaili ya mwanzo, ndo ucheze.

Mzee wa Kilimani:
Yaani nyambizi mbovu ikikupata unatoka unaingia unapata nzima? Huko ni kuchakachua.

Baharia wa Nkuhungu:
Nani kachakachua?? Nimesema UMEME. Soma kwanza mzee.

Mzee wa Kilimani:
Nimesoma. Na hiyo sevu ya kabla ya msafara ulifungua ya nini kama siyo kukimbia kipigo?

Mwana Tanga:
Watu wa Dodoma mna bwawa la Hombolo mnagombana kuhusu Atlantiki 😂

Kiranja wa Makulu:
Tanga tulia, bahari yenyewe mnaiangalia tu. Turudi kwenye mada.

Nzuguni Boy:
Mimi nikitoka tu bandarini kwenye maji marefu nazama taratibu, nasimama kila mita 20 nasikiliza chuma. Kikilia mapema narudi.

Mzee wa Kilimani:
Sasa ukishajua kila kitu utamu uko wapi? Mimi nimefungua faili la matukio la Commander nikapandisha asilimia ya hitilafu. Wajerumani wenyewe Aprili 1940 kule Norwei topido ziliwagomea kwelikweli, zingine zinalipuka kabla ya kufika, zingine zinapita chini ya meli kimya.

Fundi Lapi:
Pandisha ila weka nakala ya faili pembeni. Au shusha iwe sifuri, ulale usingizi. Na mtu wa Nkuhungu nunua UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika.

Baharia wa Nkuhungu:
UPS kwa gemu la 2005? Mke wangu ataniuliza friji nimelinunulia nini.

Zabibu Kavu:
mzee hizo topido za Norwei zinawashwa wapi, zangu zinalipuka vizuri mno mpaka naboreka

Mzee wa Kilimani:
Kwenye mipangilio ya uhalisia, tiki pale kwenye topido bovu. Usije hapa kulia.