Naomba ushauri: kompresa used inavuja upepo
Habari zenu wakuu. Nipo Uyole, Mbeya, naziba pancha na kujaza upepo. Nimenunua kompresa used ya lita 100. Ikifika bar 8 mota inazima vizuri, ila hapo hapo inaanza "ssss" chini ya swichi ya presha na haikomi. Asubuhi geji iko sifuri na malori ya alfajiri yananipita. Nimepaka povu la sabuni kila kiungio, mapovu yanatoka pale tu. Fundi anasema nibadilishe swichi nzima. Mimi nahisi ni ile valvu ya kuzuia upepo usirudi, mdomoni mwa tangi. Nikishamwaga upepo wote nikaifungua, nisafishe tu au ninunue mpya? Aliyewahi kukutana na hili anisaidie.